Ngazi ya Tisa

1

Gaudensi Likweti aliletwa kituo cha afya cha Itandala saa saba mchana, amelazwa kwenye tela la miwa, kifuani amefunikwa fulana za wenzake zilizoloweshwa maji. Ilikuwa Oktoba. Kipimajoto cha mlangoni kilisoma nyuzi arobaini na mbili, na kila aliyemwona alidhani ni jua. Wakata miwa walianguka kwa jua kila mwaka. Mashine zilikata mashamba ya bondeni, lakini miteremko ya juu ilizishinda, na huko ndiko walikopelekwa watu.

Nyapara aliyemleta alieleza kwamba maji hayakumpungukia. Tangu alfajiri alikuwa amekunywa lita saba, na chupa alimjazia yeye mwenyewe. Kwenye saa nne Gaudensi alianza kuzungumza na marehemu baba yake. Saa tano alikaa chini akashika kichwa. Saa sita mwili mzima ulimtetemeka, akajiuma ulimi, na tangu hapo hakumjibu mtu.

Otilia Mhapa hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa vionjo, mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyefanya kazi katika chumba kidogo nyuma ya maabara. Aliitwa kwa sababu kanuni ilitaka kila mgonjwa asiye na fahamu asomwe kionjo chake. Alipiga magoti kando ya kitanda, akapitisha kisomeo chini ya taya la Gaudensi, akasubiri kilie.

Kionjo ni uzi mwembamba kuliko unywele, unaopandwa chini ya ulimi kwa sindano moja. Hauna betri, unaishi kwa joto la mwili. Chumvi inapogusa ulimi, uzi ule huchochea mshipa wa fahamu, na ubongo husikia ladha kubwa kuliko iliyomo kwenye chakula. Katika ngazi ya nne, ambayo watu wazima wote wa bonde walitia sahihi kuipokea miaka sita nyuma, nusu kijiko kilitosha chungu kilichokuwa kikitaka kijiko kizima. Hakuna aliyelazimika kujinyima. Chakula kilikuwa kitamu vilevile, na presha ilishuka.

Kisomeo kililia. Kiliandika: ngazi ya tisa.

Otilia hakushtuka kwa kile alichokisoma, kwa kuwa alikijua kabla ya kupiga magoti. Aliyeipandisha ni yeye.

Majibu ya damu yalirudi baada ya nusu saa. Chumvi ya damu yake ilikuwa mia moja na tisa, na ya mtu mzima haitakiwi kushuka chini ya mia moja thelathini na tano. Daktari Kivike, mganga mfawidhi, aliisoma karatasi mara mbili. Akaagiza dripu ya chumvi kali, ipite pole pole, maana ikipita haraka nayo inaharibu ubongo. Maji yote yale aliyokunywa Gaudensi yalikuwa yamekosa chumvi ya kuyashika kwenye damu, yakaingia kwenye ubongo na kuufanya uvimbe.

Mkewe, Semeni, alifika akitoka kupalilia, udongo bado ukiwa miguuni. Alisimama ukutani asiguse kitu. Daktari alipomuuliza mumewe alikuwa akila nini, alijibu kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

"Alikuwa halili vizuri. Wiki tatu hizi alinilaumu kwamba mkono wangu umekuwa mzito, chakula chote chumvi tupu. Nikapunguza. Akasema bado. Wiki hii sikutia kabisa, na leo asubuhi ameacha maharage yote kwenye sahani. Aliniambia nataka kumuua kwa chumvi."

Daktari Kivike aliandika kitu kwenye faili bila kuinua macho. Otilia alitoka nje akaosha kisomeo, ingawa kilikuwa hakijachafuka.

Gaudensi alifariki kesho yake saa nne asubuhi, bila kurudiwa na fahamu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

2

Habari ya ngazi ya tisa waliijua watu watatu katika bonde zima: Daktari Kivike, Otilia, na mkurugenzi wa Mamlaka ya Lishe ya Bonde, ambaye ofisi yake ilikuwa mbali na ambaye hakuwahi kukanyaga Itandala zaidi ya mara mbili.

Mpango ulianza mwaka mmoja na nusu nyuma. Ngazi ya nne ilikuwa imefanya kazi, lakini si kwa kiasi walichokitaka, kwani watu waliendelea kula chumvi mara mbili ya inayofaa. Mamlaka ilijaribu njia mbili katika vijiji vya ng'ambo ya mto. Katika kijiji cha kwanza waliwatangazia watu kwamba kionjo kitapandishwa ngazi moja. Mwezi haukuisha, wanaume walikuwa wakitembea na chumvi ndani ya viberiti, wanailamba kabla ya kula, na wanawake walisema chakula hakina ladha hata kabla kionjo hakijapandishwa. Mpango ulikufa mwezi wa nne. Katika kijiji cha pili hawakumwambia mtu. Walipandisha ngazi moja kila baada ya miezi mitatu. Watu walidhani tu kwamba walitia chumvi nyingi kwa bahati mbaya, wakapunguza siku iliyofuata, na wakasahau. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kituoni.

Itandala ilifuata mfano wa kijiji cha pili. Kila miezi mitatu Otilia alifungua mashine iliyounganishwa na mnara, akachagua kundi la watu wazima, akabonyeza. Kazi yenyewe haikuchukua dakika mbili. Alifanya hivyo mara tano, na kila mara aliamini anatenda jambo jema. Mama yake mzazi alipigwa na kiharusi akiwa na miaka hamsini na mmoja, kabla ya vionjo kufika, na Otilia ndiye aliyekaa naye mwaka mzima akimfundisha tena kusema "maji" na "mlango".

Alasiri ya siku ile Gaudensi alipofariki, daktari alimwita ofisini na kufunga mlango. Kivike alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mvi za mapema. Alimwonyesha hesabu aliyoifanya kwa kalamu. Mtu wa dukani au wa cherehani hupoteza chumvi kidogo kwa siku, na kwake ngazi ya tisa ni kinga. Mkata miwa kwenye mteremko, katika joto la Oktoba, hutoa kwa jasho la siku moja chumvi ambayo mwingine anaila kwa siku tatu. Mwili unapofika hapo huanza kuiomba. Hauna njia nyingine ya kuomba isipokuwa ulimi: unaufanya utamani dagaa, utamani mchuzi, ulambe hata jasho la mkononi. Kionjo cha Gaudensi kilikuwa kimeiziba njia hiyo. Kila alipoonja punje mbili, mwili uliambiwa kwamba umepata tele.

"Hatukuwafikiria wao," daktari alisema. "Tuliwaza wazee na akina mama. Mimi sikuwafikiria."

Kisha akamweleza la kufanya. Orodha ya wakata miwa ilikuwepo, majina mia mbili na kumi na manne. Wote washushwe hadi ngazi ya pili jioni hiyohiyo, kabla hajaanguka mwingine. Otilia alikubali mara moja. Hilo halikuwa la kubishania. Aliuliza tu nini kitaandikwa kwenye cheti cha kifo, na nani atamweleza mjane.

Kivike aliwahi kuzika kaka zake wawili kwa kiharusi katika mwaka mmoja. Kila mtu wa kituo alijua habari hiyo, ingawa yeye hakuisema. Safari hii pia hakuisema. Alimkumbusha kwamba kabla ya vionjo bonde lilikuwa likizika watu arobaini kwa mwaka kwa ugonjwa huo, na mwaka uliopita waliwazika watatu.

"Tukisema, watakuja kung'oa," alisema. "Si wakata miwa peke yao. Wote. Na mimi na wewe tutakaa hapa tukiwapokea mmoja mmoja, mdomo umepinda, mkono umekufa. Kosa tumelijua na tumelirekebisha. Kwa kumwambia yule mama tutamrudishia nini?"

Otilia aliinuka. Alirudi chumbani kwake, akashusha majina mia mbili na kumi na matatu. Jina la Gaudensi alilikuta katikati ya orodha, akaliruka. Kwenye cheti daktari aliandika: joto kali.

3

Matanga yalikuwa nyumbani kwa mama yake Gaudensi, kwenye mtaa wa juu karibu na kiwanda. Otilia alikwenda siku ya tatu pamoja na wauguzi wengine wa kituo.

Aliona mapema kwamba kuna jambo haliko sawa. Wafiwa wa kike waliketi ukumbini kwenye mkeka mmoja, lakini Semeni alikuwa peke yake pembeni, amejifunga kanga kichwani, na mama mkwe wake alikuwa amempa mgongo. Chakula kilipoletwa, bibi yule aliuliza kwanza nani amepika. Alipoambiwa ni majirani, akala.

Kaka mkubwa wa marehemu, Kostantino, fundi wa matrekta, mtu wa sauti nzito, alizungumza na wageni mlangoni. Hakumtaja mtu kwa jina. Alisema tu kwamba mdogo wake alikuwa akitoka nyumbani na njaa wiki tatu mfululizo kwa sababu chakula cha nyumbani hakikulika, na kwamba mtu aliyeshiba haangushwi na jua la saa nne. Wageni walitazama chini. Semeni alisikia. Ukumbi ule haukuwa na mahali ambapo mtu asingesikia.

Baadaye Otilia alipokwenda uani kurudisha vyombo, Semeni alimfuata. Walisimama kando ya karo. Semeni alianza kusuuza sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kusuuzwa.

"Dada Otilia," alisema, "wewe ndiye mwenye mashine za ulimi. Nikuulize kitu. Nilikuwa naweka nyingi?"

"Hukuweka nyingi."

"Basi kwa nini yeye aliiona nyingi?"

Maji ya bomba yaliendelea kutiririka. Otilia alikuwa na jibu, tena fupi. Lakini alifikiria daktari na ile hesabu yake ya kalamu, akafikiria watu arobaini. Akasema kwamba pengine joto lilimharibu mdomo. Joto hufanya hivyo wakati mwingine. Semeni alimtazama kwa muda kama mtu anayetaka kuamini na hawezi. Halafu akashukuru, akafunga bomba.

Wiki hiyohiyo wake wa wakata miwa walianza kulaumiwa kwa sababu nyingine. Wanaume walirudi kutoka shambani wakasema mboga imepooza, haina chumvi hata chembe. Mmoja alimuuliza mkewe kama amechoka naye. Wanawake walisimuliana kisimani na kucheka, na mmoja wao, aliyekuwa na jicho limevimba, hakucheka. Otilia aliyasikia hayo akiwa kwenye foleni ya maji. Alirudi nyumbani na ndoo nusu.

4

Mama yake, Editruda, aliishi naye. Alikuwa mshonaji, mkono wa kulia haukurudi sawasawa baada ya ugonjwa, lakini alijifunza kushikilia kitambaa kwa kiwiko. Jumapili baada ya kanisa walikaa barazani wakichambua kunde, na hapo ndipo Otilia alipomwambia yote. Alimwambia juu ya ngazi tano, mnara, vijiji vya ng'ambo, Gaudensi, na namna alivyomdanganya mjane kando ya karo. Hakupunguza kitu.

Editruda aliendelea kuchambua. Tangu augue, alikuwa akitafuta maneno taratibu, na watu waliomzoea walijifunza kumngoja.

"Na changu mimi?" aliuliza.

"Chako pia, mama. Kipo ngazi ya tisa."

"Ulikibonyeza wewe."

"Mimi."

Mama yake aliweka ungo chini. Alisema alikuwa amegundua. Si kwamba alijua. Aligundua kwamba chakula kinabadilika, akadhani ni ugonjwa unarudi. Miezi kadhaa alikuwa akiogopa kwamba ulimi wake unakufa kama mkono ulivyokufa, na hakumwambia mwanawe kwa sababu hakutaka kumtia hofu. Kila asubuhi alikuwa akijisemesha peke yake mbele ya kioo, kuhakikisha maneno bado yanatoka.

Otilia aliinamia kunde zake.

"Ungeniuliza," mama yake alisema, "ningekubali. Ningekwambia weka hata ya kumi. Mimi najua ugonjwa ule ulivyo kuliko wewe na daktari wako. Sasa kwa nini hukuniuliza, mwanangu? Uliona nitasema nini?"

"Tuliogopa watu watakataa."

"Wengine wangekataa, ndiyo." Editruda alichukua ungo wake. "Yule mama anaambiwa amemuua mumewe. Wewe unajua hakumuua. Mimi sina lingine la kukwambia."

5

Jumatatu asubuhi Otilia hakwenda kazini. Alikwenda moja kwa moja kwa Semeni, akamkuta anaanua nguo za marehemu kwenye kamba ili azigawe. Alikataa kiti. Alimweleza akiwa amesimama, kwa maneno mepesi, bila kumtaja daktari zaidi ya ilivyolazimu. Alisema kionjo kilipandishwa bila mumewe kujua, kikamfanya aone chumvi palipokuwa hapana, na mwili wake ulikuwa ukiihitaji chumvi ile kuliko kitu chochote. Alisema aliyebonyeza ni yeye. Alisema alipoulizwa kwenye karo alidanganya.

Semeni aliuliza tarehe.

"Mara ya mwisho ilikuwa tarehe ishirini na sita Septemba."

Semeni alikunja shati alilokuwa ameshika, akalikunjua, akalikunja tena. Alisema tarehe ishirini na saba ilikuwa Jumapili. Alipika samaki. Gaudensi alionja mara moja, akainuka, akamwaga sahani nje mbele ya majirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Usiku ule walilala bila kusemezana. Aliuliza na tarehe ya kabla ya hiyo, Otilia akamtajia, na hiyo nayo aliikumbuka. Waliendelea hivyo hadi ya kwanza, na zote tano zilikuwa na ugomvi wake.

"Sisi hatukuwa tunagombana," Semeni alisema. "Miaka tisa. Watu walikuwa wanatusema kwa hilo." Alijifunga kanga. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama mkwe. Hayo uliyoniambia ukamwambie na yeye, mimi nikiwepo."

Walitembea hadi mtaa wa juu. Kostantino alikuwepo, anakunywa chai kabla ya kwenda karakana. Otilia alirudia kila neno mbele yao. Mara hii ilikuwa ngumu zaidi, maana bibi alikuwa akimkatiza kwa kutoelewa, ikabidi arudi nyuma mara mbili kueleza kionjo kinavyofanya, na kila aliporudi nyuma alifika tena pale pale, kwenye kidole chake mwenyewe. Mwishoni bibi alielewa. Alifunika uso kwa viganja. Kisha, akiwa bado amefunika uso, alisogea kwenye mkeka akaacha nafasi kando yake, na Semeni akaenda akaketi.

Kostantino alikuwa amekiweka kikombe chini.

"Wewe ulikuwa unakula nini?" alimuuliza Otilia.

"Chakula hikihiki. Changu pia kipo ngazi ya tisa."

"Lakini wewe ulijua."

"Nilijua."

Alitoka nje. Walimsikia akiondoka bila kuaga, na kabla ya saa sita mchana hakukuwa na mtu Itandala ambaye alikuwa hajasikia.

6

Mkutano wa kata ulifanyika uwanja wa shule, siku mbili mfululizo. Daktari Kivike alisimama mwenyewe. Hakumtupia Otilia lawama wala hakuitaja Mamlaka. Alisema mpango ulikuwa wake na kosa lilikuwa lake, akasoma hesabu ya waliozikwa zamani na waliozikwa sasa. Watu walimsikiliza hadi mwisho. Mzee mmoja aliuliza kama jina la Gaudensi limo katika hesabu ya waliookolewa, na daktari akakaa chini. Alihamishwa mwezi uliofuata. Otilia alibakizwa kazini kwa muda tu, kwa sababu hakukuwa na fundi mwingine wa kutoa vionjo.

Na kutoa ndiko watu walikotaka. Kionjo hutolewa kama kilivyopandwa, kwa sindano, na maumivu yake hayazidi ya kuumwa na siafu. Foleni ilianza getini. Azimio la mkutano lilikuwa kila mtu achague mwenyewe: atoe, au abaki nacho na apewe kidhibiti chake mkononi, chenye ngazi anayoitaka. Otilia alipima presha ya kila aliyeingia, akamsomea, akamweleza kwa kadiri alivyojua nini kinaweza kumpata. Kisha aliuliza, na akafanya alichoambiwa. Mama yake alikuja kwenye foleni kama wengine, akachagua ngazi ya nane. Watu karibu mia nane walitoa.

Kostantino alikuwa wa kwanza siku ya kwanza. Presha yake ilisoma mia moja sabini na tano juu ya mia moja na kumi. Otilia alimsomea mara mbili. Alimwambia kwamba kwa presha ile, akirudia chumvi ya zamani, uwezekano wa kiharusi ni mkubwa, na kwamba kuna ngazi za chini anazoweza kuzishika mwenyewe.

"Umemaliza kunieleza?"

"Nimemaliza."

"Toa."

Akatoa.

Kostantino alipigwa na kiharusi mwezi Machi, akiwa chini ya trekta. Alikuwa wa nane tangu mkutano, na mwaka ulipotimia walikuwa kumi na tisa, saba kati yao wamezikwa. Otilia aliwafahamu wote. Waliokuwa hai aliwatembelea siku za Jumatano, ingawa kazi hiyo hakupangiwa na mtu. Wengine walimfungulia mlango, wengine hawakumfungulia. Nyumba ya Kostantino ilikuwa ngumu kuliko zote, na aliichelewesha hadi Juni.

Aliyemfungulia alikuwa Semeni. Kostantino hakuwa na mke, mama yake alikuwa mzee wa kutoweza kumgeuza, na Semeni alikuwa amehamia pale tangu Aprili. Kostantino alikaa kwenye kiti cha mbao kilichotandikwa mito, upande wa kulia umelegea. Maneno hayakuwa yamerudi. Macho yalikuwa yaleyale. Alimtazama Otilia akiingia, hakuonyesha kwamba anataka atoke.

Semeni alimwambia wakiwa jikoni kwamba daktari mpya ameshauri shemeji yake apunguze chumvi. Alipoulizwa kama apandiwe tena kionjo, alikataa kwa kichwa, mara tatu, na hakuna aliyemrudia. Kwa hiyo anapunguza kwa mkono, kidogo kidogo. Alimwonyesha Otilia vitu alivyovipanga kwenye meza: ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, ukwaju ulioloweshwa. Alikuwa ameanza na vijiko viwili vya chai kwa siku, na sasa ni kimoja na robo. Alizungumza kwa makini, akitaka kujua kama anakosea. Otilia alimwambia hakosei. Alimwonyesha tu kwamba ukwaju ukitiwa mwishoni ladha yake haipotei.

Mchicha ulipoiva Semeni aliupakua, akabeba sahani hadi kwenye kiti. Hakumlisha mara moja. Aliinama hadi uso wake ukawa mbele ya uso wa shemeji yake.

"Shemeji, leo nimepunguza tena. Robo kijiko. Onja, uniambie."

Kostantino alionja. Alitafuna kwa upande mmoja, muda mrefu. Kisha mkono wake wa kushoto, uliokuwa mzima, ulisogea juu ya paja, ukainuka, na ukaisukuma sahani pembeni. Aliisukuma pole pole, kwa uwazi kabisa.

Semeni alirudi jikoni. Otilia, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwona akichukua kopo la chumvi. Alijua robo ile ya kijiko ingefanya nini kwenye mishipa ya mtu yule. Alikuwa ameona picha za ubongo wake, angeweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mshipa mwingine ungepasuka. Ilikuwa rahisi kusema neno. Ilikuwa rahisi hata kusogea tu kidogo, kumwambia Semeni akoroge bila kutia kitu, kwamba mgonjwa hatajua. Alibaki alipokuwa.

Semeni alipima robo kijiko, akatia, akakoroga, akarudi. Kostantino alionja tena. Safari hii alifungua mdomo kupokea, na Semeni akamlisha hadi sahani ikaisha, akamfuta kidevu.

"Jumatano ijayo nitamuuliza tena," alisema.

Otilia alichukua sahani kutoka mkononi mwake, akaenda kuiosha.